Walikuwa Wapi Asubuhi? Kuutafuta Undani wa Mifano ya Yesu

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo wa Thika na Ruiru)





Tumeombwa tuseme machache juu ya mifano ya Yesu. Sisi si mapadre, wala si wataalamu wa Maandiko. Sisi ni wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Chuoni tulisomea diploma, tukafundishwa kuandaa miradi, kuweka hesabu na kutembelea familia. Kwa hiyo hatukuja kuhubiri. Tumekuja kuwasimulia jinsi mfano mmoja tuliodhani tunaujua ulivyotuaibisha, na tulichojifunza hapo.

Wengi wetu tunausikia mfano kama hadithi ya watoto yenye funzo mwishoni. Mpanzi: tuwe udongo mzuri. Kondoo aliyepotea: tutubu. Basi, Amina, twende nyumbani. Lakini someni Marko sura ya 4. Hata wale Kumi na Wawili hawakuelewa. Ilibidi wangoje watu watawanyike, ndipo wakamwuliza. Mfano unafanana na kitendawili. Mwenye kutega hakupi jibu, anakungoja. Ukishindwa, anakuambia umpe mji. Sisi twapenda kupewa jibu bila kutoa mji wowote.

Sasa, mfano wenyewe ni ule wa Mathayo sura ya 20, wa vibarua katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anapatana nao dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Jioni anaamuru wa mwisho walipwe kwanza, na wote wanapata dinari moja moja. Wale wa alfajiri wananung'unika.

Hapo sisi tuna bahati. Wageni wengine wakisoma "saa ya kumi na moja" inabidi waelezwe maana yake. Sisi twahesabu saa vilevile kama watu wa wakati wa Yesu, tangu jua kuchomoza. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja! Jua limepoa, imebaki saa moja kazi iishe. Na vibarua twawajua. Huku Ruiru kuna kahawa, mpaka aina moja ya mbegu inaitwa Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha hapa hapa mwaka 1985. Thika kuna mananasi na viwanda. Nani kati yetu hajawahi kuona watu wamesimama langoni asubuhi, nyapara akiwachagua kwa kidole? Siku hizi sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa ya Ruiru imegeuka majumba, kama pale Tatu City, na wengi wanaosimama ni vijana wa mjengo. Lakini kusimama ni kule kule.

Basi sikilizeni yaliyotupata. Tulikuwa na mradi mdogo wa kuchimba mtaro wa bomba la maji. Fedha zilikuwa chache, na sisi ndio tuliokuwa na daftari la majina. Siku moja mama mmoja wa jumuiya alifika saa nane mchana, jembe begani. Tulimwandikia nusu siku. Hakusema neno. Wenzake waliona ni haki, na sisi pia tuliona ni haki. Si hesabu ni hesabu?

Jumapili ile ile somo likawa hilo la vibarua. Katikati ya juma jumuiya ilipokutana tukaeleza kama tulivyozoea: Mungu ni mkarimu, hata anayeongoka uzeeni anapata mbingu, tusioneane wivu. Tulipomaliza, yule mama akauliza kwa sauti ya chini, "Hao wa saa kumi na moja, walikuwa wapi asubuhi?"

Mmoja wetu akajibu haraka kwamba labda walikuwa wavivu. Yule mama akasema, "Hapana. Someni tena."

Tukasoma tena. Mwenye shamba anawauliza kwa nini wamesimama bure mchana kutwa. Wanajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Mchana kutwa, jamani! Hawakuwa wamelala. Walikuwako, ila hawakuchaguliwa. Na yule mama, aliyechuma kahawa miaka mingi kwa kulipwa debe, alitueleza nani habaki langoni na nani hubaki. Anayebaki ni mzee, ni mwenye mimba, ni aliyekohoa mbele ya nyapara. Yeye mwenyewe siku ya mtaro alikuwa amekesha na mjukuu mgonjwa, akampeleka zahanati, akangoja foleni, ndipo akaja mbio.

Ndipo tukaona tulipokosea. Miaka yote tulikuwa tukisoma mfano huu tukijiweka upande wa mwenye shamba, kwa sababu daftari ni letu. Kumbe tulikuwa wanung'unikaji. Na dinari ile haikuwa zawadi kubwa. Ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, chakula cha nyumba kwa siku moja. Ukimpa mtu nusu dinari kwa kuwa alifanya nusu siku, hesabu yako ni sawa, lakini watoto wake hawali nusu siku. Mwenye shamba aliwaangalia wale watu, akawaza jioni yao.

Msidhani mambo yalikwisha vizuri. Palitokea ubishi mkubwa. Kijana mmoja alisema, "Mkilipa wote sawa, kesho wote tutakuja saa kumi na moja!" Neno lake lina uzito, na hatuwezi kulidharau; mradi hauendeshwi hivyo. Mzee mmoja naye akaonya kwamba tajiri akiusikia mfano huu atasema mali ni yake, analipa apendavyo. Hilo tukalichunguza. Mwenye shamba hakumpa mtu yeyote chini ya mapatano, na alilipa siku ile ile kabla ya usiku, kama Torati inavyoagiza katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama kwa shida zake amekubali kupokea pungufu. Kwa hiyo mfano huu hauwapi waajiri ruhusa ya kupunja. Uhuru wa yule bwana ulikuwa wa kuongeza.

Mwishowe tulikubaliana mambo mawili. Majina ya kazi yaandikwe jioni iliyotangulia, na nyumba isiyo na mtu mwenye kipato iandikwe kwanza. Pia tukaanzisha kapu dogo la jumuiya, kwa aliyekosa siku yake kwa ugonjwa au msiba. Yule mama alilipwa nusu yake kutoka humo. Wanachama wawili hawakupenda, wakatuacha, na hadi leo hawajarudi. Twawaombea, na tumewatembelea. Mwenye shamba alimwita mnung'unikaji "rafiki". Nasi hatuna ruhusa ya kuwaita vinginevyo.

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo matatu mnaposoma mfano wowote.

Kwanza, ulizeni mko wapi ndani yake, na msikimbilie nafasi nzuri. Mwenye deni na mwenye kudai, mwana mdogo na kaka yake, kila mmoja ana kiti chake.

Pili, mpeni nafasi anayeyajua maisha ya mfano huo. Habari za mbegu mwulizeni mkulima, za chachu mwulizeni mama wa mandazi, za kusimama langoni mwulizeni kibarua. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kuamua kujenga jumuiya ndogondogo, walitaka Injili ikae pale watu wanapoishi. Hiyo ndiyo faida yake.

Tatu, msiruke hatua ya sita. Wengi wenu mnatumia zile hatua saba zilizoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya sita ni ya kutafuta pamoja kazi ambayo Bwana anatutaka tuifanye. Sisi huipita mbio kwa sababu chai imeiva! Lakini hapo ndipo mji unapotolewa.

Neno la mwisho. Mathayo hatuelezi kama wale wa alfajiri walikwenda nyumbani na hasira au waliwapa wenzao mkono. Yule bwana anauliza tu kama jicho la mnung'unikaji ni baya kwa sababu yeye ni mwema. Kwa Kiswahili tuna neno lake kabisa, kijicho. Swali likaachwa hapo, bila jibu. Twadhani Yesu aliliacha wazi makusudi, ili lijibiwe na wenye madaftari, hapa Thika, hapa Ruiru, kila jioni ya malipo.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Katika mtaa wetu, nani husimama mchana kutwa bila kuchaguliwa? Tunamjua jina?
2. Katika chama chetu, ni kanuni gani iliyo sawa kwa hesabu lakini inaumiza nyumba fulani?
3. Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao, na nani atatukumbusha?