Chai na Chakula Chake

Katika somo la leo tutazungumza juu ya chai na vyakula vinavyopatana nayo.

Chai ya maziwa ni nzito. Basi hufaa kwa vitu vikavu, kama mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu au mkate. Chai ya rangi ni nyepesi, tena ina ukali kidogo. Huondoa mafuta mdomoni, kwa hiyo hupatana na sambusa na maandazi. Chai ya tangawizi hupendeza kwa kashata.

Lakini chai haipatani na kila chakula. Jirani yangu mmoja, mama mja mzito, alikuwa akila ugali kwa maharagwe na mchicha, kisha akishushia kwa chai kali. Alipokwenda kupimwa aliambiwa damu yake ni haba. Akastaajabu: "Mbona mboga nala kila siku?" Sababu za upungufu wa damu ni nyingi, na moja ni hii: ndani ya chai mna kitu kiitwacho tanini. Kitu hicho hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, na mwili usiweze kuyapata vizuri.

Basi fanyeni hivi. Mkila maharagwe na mboga, kunyweni maji, na mle chungwa au embe. Matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ingojeeni saa moja au mbili. Hasa waja wazito na watoto wadogo wasinywe chai pamoja na chakula.