Hekaya za Ajabu Katika Madarasa ya Watoto Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na akampa akili ya kupambanua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twapenda kuzungumza juu ya swali linalowasumbua baadhi ya wazazi wa Mbeya na Iringa. Je, yafaa watoto wetu wasomeshwe shuleni vitabu vya hekaya za ajabu, ambamo mna majini, wachawi, na watu wanaogeuzwa kuwa wanyama?

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Februari mwaka 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kuwa havipatani na mila na maadili yetu. Miongoni mwake vilikuwamo vya Jeff Kinney, mwandishi wa Marekani. Wazazi waliombwa wakague mifuko ya watoto wao. Vitabu vile havikupigwa marufuku kwa sababu ya uchawi. Lakini tangu siku ile mzazi akiona picha ya mchawi juu ya jalada la kitabu, huuliza: Na hiki je?

Hatuwezi kumcheka mzazi huyo. Katika nyanda zetu hizi za juu, uchawi si neno la mchezo. Mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto wadogo waliuawa Njombe, nchi ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Mauaji yale yalihusishwa na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Mama aliyezuia wanawe kutoka nje siku zile, kutoka Makambako hata Mafinga, hawezi kusikia neno uchawi akatabasamu. Na dini yetu imelikata jambo hili wazi: sihiri ni katika madhambi makubwa yanayoangamiza, na kumsadiki mpiga ramli ni hasara ya imani.

Lakini, ndugu zangu, yatupasa tuulize kwa uadilifu: imani ile iliyomwaga damu ya watoto ilitoka wapi? Haikufundishwa darasani kwa kitabu cha hekaya. Imetoka vinywani mwa watu wanaomnong'oneza mwenzao kwamba kiungo cha binadamu huleta mali. Hekaya husema tangu mwanzo kwamba yenyewe ni hekaya. Mganga tapeli husema uongo na kuapa kwamba ni kweli. Hiyo ndiyo tofauti, na mtoto asiyefundishwa kuitambua akiwa mdogo, atakuja kuinunua kwa fedha zake akiwa mkubwa.

Tazameni mfano ulio nyumbani kwetu. Marehemu Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alituachia hekaya ya Adili na Nduguze. Humo mna jini, na mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda na hiana waliyomfanyia ndugu yao. Je, aliyekisoma kitabu hicho alijifunza kuroga? La. Alijifunza kwamba wivu humshusha mtu akawa chini ya mnyama, na kwamba msamaha humrudishia utu wake. Hata bibi zetu, jioni ya baridi ya Tukuyu, walipomsemesha sungura na fisi kando ya moto, hawakutudanganya. Walitulea.

Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba kupiga marufuku ni jambo jepesi lisilo na makosa. Mwaka 2002, Falme za Kiarabu zilizuia katika shule za binafsi vitabu vya Harry Potter, na pamoja navyo kitabu cha George Orwell kiitwacho Animal Farm. Kitabu hicho cha pili ndicho Shamba la Wanyama, alichokifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, kikasomwa na wanafunzi wengi wa nchi yetu wakapata funzo juu ya viongozi wanaosaliti ahadi zao. Kitabu kimoja: huku kilikatazwa, huku kilifundisha. Waislamu walikuwako pande zote mbili.

Basi tupime kwa mizani tatu. Kwanza, kitabu chenyewe: je, chajitambulisha kuwa ni hekaya, au chamwelekeza mtoto kutenda ushirikina? Pili, mwisho wake: je, uovu wapambwa, au wafedheheshwa? Tatu, msomaji: ni mtoto wa darasa la tatu aliye peke yake, au ni kijana wa sekondari aliye na mwalimu wa kumwongoza? Kitabu kinachofaa kwa huyu huenda kisimfae yule. Kilichoshindwa mizani hii kiondolewe, nasi tutakuwa wa kwanza kusema hivyo. Kilichofuzu kisihukumiwe kwa picha ya jalada.

Enyi wazazi, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Kukagua mfuko wa mtoto ni mwanzo tu. Uchunga wenyewe ni kuketi naye na kusoma alichokisoma. Ukiwa na shaka, nenda shuleni, kiombe kitabu, ukisome chote, kisha uzungumze na mwalimu kwa heshima. Usishuhudie juu ya kitabu usichokifungua, kwa maana huo ni ushahidi wa kusikia. Kumbukeni pia kwamba katika darasa la Mwanjelwa au la Mafinga, mtoto wetu huketi dawati moja na mtoto wa Kikristo. Shule ni ya wote, na neno letu humo liwe la hoja.

Enyi walimu, msimpe mtoto hekaya ya uchawi mkamwacha nayo. Mwulizeni: Hili laweza kutokea? Nani anufaika ukiliamini? Nanyi wanafunzi, mkiingiwa na hofu kwa mliyoyasoma, msiifiche. Waulizeni wazazi na walimu wenu.

Ee Mola wetu, walinde watoto wa nyanda hizi na wauaji na waongo. Wape nuru ya kutenganisha hekaya na uongo, na utupe sisi subira ya kuketi nao. Twasema kauli yetu hii, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Amin.