Ziwa Lipo Karibu, Robine Imekauka

Kutoka Bwiza, mtaa wa Bujumbura, hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mtu hufika kwa miguu. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Hata hivyo, robine za Bujumbura hukauka, na bidoni za njano zikapangwa foleni.

Ziwa halina kosa. Maji ya REGIDESO, shirika la maji na umeme la Burundi, huvutwa kwa pampu, husafishwa, kisha husukumwa mabombani. Umeme ukikatika, pampu husimama.

Halafu kuna maji yanayofika nyumbani na kupotea bure. Robine iliyochakaa mpira hutona usiku kucha, na mwenye nyumba husema ataita fundi kesho. Kesho yenyewe haifiki! Robine hiyo ikijaza kikombe cha robo lita kila dakika 10, kwa siku imemwaga lita 36, karibu bidoni mbili za lita 20. Na dawa yake ni kampira kadogo tu na spana.

Bomba linalovuja likiwa limefukiwa ardhini ndilo gumu kugundua, kwani halionekani. Hapo hufungwa robine zote na kutazamwa mita: ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja mahali fulani.