Tafakuri kwa Afya: Faida Zake na Mahali Isipofaa

Matini ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Kigombe

 

Mada ya leo ni tafakuri, yaani kukaa kwa utulivu kwa muda maalumu na kuielekeza akili kwenye jambo moja, hasa pumzi, ili moyo na mwili vitulie. Jambo hili si geni sana katika pwani hii. Muislamu anayekaa itikafu msikitini au kuvuta uradi baada ya sala, na Mkristo anayetenga siku za mafungo, wote wanaijua thamani ya ukimya. Tafakuri inayozungumzwa hapa haichukui nafasi ya ibada ya mtu yeyote, wala haimtaki mtu abadili imani yake. Ni zoezi la afya, kama vile kutembea kulivyo zoezi la afya.

Ndugu wananchi, maisha ya Kigombe yana sababu nyingi za kumnyima mtu utulivu. Mvuvi wa dagaa hukesha baharini na kurudi alfajiri bila kujua atapata nini sokoni. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo hukaa ufukweni ilhali deni la nyavu halingoji. Mama anayelima mwani huyafuata maji yanapokupwa, saa yoyote yatakayokupwa, na bei ya zao lake haiko mikononi mwake. Mkata mkonge huhesabu mizigo yake kutwa juani. Wasiwasi wa namna hii ukidumu, mwili hubaki katika hali ya tahadhari: moyo hupiga kwa kasi, mishipa ya damu hubana, na usingizi hupotea. Homoni za adrenalini na kotisoli, ambazo humsaidia mtu kuikimbia hatari ya dakika chache, huwa mzigo zikizidi mwilini kwa miezi mingi.

Pumzi ya polepole husaidia kuutoa mwili katika hali hiyo. Mtu akipumua taratibu, kiasi cha mara 6 kwa dakika, mishipa ya fahamu inayoutuliza moyo hufanya kazi zaidi, mapigo hupungua na misuli hulegea. Daktari Herbert Benson wa Marekani, mtaalamu wa magonjwa ya moyo, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mwaka 2014, jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500. Ilionekana kwamba tafakuri hupunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu. Hata hivyo, mapitio hayo hayakupata ushahidi kwamba tafakuri inazishinda dawa, mazoezi ya mwili au tiba nyinginezo. Desemba 2024, Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Desemba kuwa Siku ya Tafakuri Duniani.

Maana ya matokeo hayo kwa mkazi wa Kigombe ni hii: tafakuri ni msaidizi wa tiba, wala si mbadala wake. Kutokana na msingi huo zinafuata tahadhari tatu, na kila moja inaweza kuokoa uhai.

Tahadhari ya kwanza inawahusu wenye shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Mtu anaweza kujisikia mwepesi baada ya wiki kadhaa za kukaa kimya na kupumua vizuri, akadhani amepona, akaviweka vidonge kando. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine. Anayeona nafuu aendelee na dawa zake, apimwe, na vipimo vyake vionwe na mtaalamu. Dozi hupunguzwa na aliyeiandika, si na mgonjwa mwenyewe. Mtu anayeacha dawa kimyakimya hujiweka katika hatari ya kiharusi. Neno hili linawahusu pia wenye kisukari, kifafa na maradhi ya akili.

Tahadhari ya pili inawahusu wazamiaji na vijana wote wanaopiga mbizi. Mazoezi ya pumzi ni ya nchi kavu. Wapo wanaoamini kwamba kupumua kwa nguvu na kwa haraka kabla ya kuzama humpa mtu hewa ya kutosha. Ukweli ni kwamba kupumua hivyo huongeza oksijeni kidogo sana, lakini huitoa kwa wingi hewa ya ukaa, ambayo ndiyo hasa humfanya mtu ahisi haja ya kuvuta pumzi. Mzamiaji hubaki chini bila kuhisi dhiki yoyote, huku oksijeni ikiendelea kupungua, hatimaye huzirai bila onyo. Hatari huzidi anapopanda juu, kwa kuwa mgandamizo wa maji ukipungua, oksijeni iliyobaki katika mapafu hushindwa kuifikia damu ipasavyo. Anayezirai nchi kavu huamka. Anayezirai majini huzama. Kwa hiyo mtu asifanye mazoezi ya kubana pumzi baharini, na asizame peke yake. Vilevile, tafakuri ya kufumba macho haifai kwa anayeshika usukani wa chombo au wa bodaboda.

Tahadhari ya tatu inahusu akili yenyewe. Ukimya huwatuliza wengi, lakini kwa baadhi ya watu hufungua mlango wa kumbukumbu nzito. Aliyefiwa na ndugu baharini, au aliyepitia ukatili, anaweza kukaa kimya akajikuta moyo unakwenda mbio na picha za tukio zinamrudia. Huyo asijilazimishe. Afumbue macho, asimame, atembee, azungumze na mtu anayemwamini. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayefikiria kujidhuru, asiachwe peke yake na wala asiambiwe kwamba atafakari tu. Apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Hakuna aibu katika jambo hili. Mkoa huu wa Tanga una Hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe, ambayo imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maradhi ya akili ni maradhi kama mengine, na yana tiba.

Sasa, namna ya kuanza. Mtu achague mahali penye kivuli na usalama, wakati asiokuwa na shughuli: baada ya sala ya alfajiri, au jioni nyavu zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Akae mkekani, kwenye kigoda au kwenye kiti, mgongo ukiwa umenyooka bila kukazwa. Mwenye maumivu ya magoti asikunje miguu. Avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe taratibu zaidi, bila kuibana. Mawazo yakimpeleka kwenye deni au kwenye bei ya samaki, asijilaumu. Airudishe akili kwenye pumzi. Dakika 5 zinatosha kwa wiki ya kwanza, kisha aongeze hadi 10 au 15. Akihisi kizunguzungu, aache na apumue kama kawaida. Haraka haraka haina baraka, na katika pumzi methali hii ni kweli tupu. Zoezi hili halina ada. Anayedai fedha nyingi kwa ahadi ya kuponya kila ugonjwa aogopwe.

Ndugu wananchi, hatua ya kwanza kwa kila mtu mzima ni kulijua shinikizo lake la damu. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, kinahitaji ushauri wa mtaalamu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watumishi wa zahanati ndio mahali pa kuanzia, nao watamwelekeza mgonjwa hospitalini inapobidi. Anayekwenda aeleze pia kama halali usiku, kama ana huzuni isiyokwisha, na kama anafanya mazoezi ya pumzi, ili ashauriwe yanayomfaa.