Mlezi Naye Apate Kupumzika

(Hotuba ya walezi wa nyumba ya watoto, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Gakindu)



Kila mwaka mwasomewa habari za fedha, za paa na tangi la maji, na hesabu ya watoto walioandikishwa. Leo twaomba mtusikilize juu ya jambo lisiloonekana katika vitabu vya hesabu, nalo ni nguvu za wale wanaowaangalia watoto hao.

Tuanze kwa kuungama kosa letu. Katika msimu wa kahawa uliopita, mmoja wetu alisinzia saa nane mchana, watoto wakiwa wamelala. Mtoto mmoja aliamka, akatambaa hadi jikoni, akashika ukingo wa sufuria ya uji. Kwa bahati uji ulikuwa umepoa. Mtoto hakuumia, na mama yake tulimweleza siku ile ile. Mwenzetu aliyesinzia si mvivu. Usiku uliotangulia alikuwa amekesha na mwanawe mwenye homa. Saa kumi za usiku akakamua ng'ombe, na saa kumi na mbili asubuhi akatufungulia mlango.

Ninyi wakulima mwajua kazi ya kahawa ilivyo. Huku kwetu Nyeri mavuno makubwa huwa kati ya Oktoba na Desemba. Kahawa nyekundu ikishachumwa haingoji. Sharti ichaguliwe, ipelekwe kiwandani na kupimwa siku ile ile. Foleni ya kiwandani ikiwa ndefu, mama hufika kwetu giza limekwisha kuingia. Hatumlaumu, wala hatuwezi kumwacha mtoto wake mlangoni. Basi sisi twamngoja yeye, na watoto wetu nyumbani watungoja sisi.

Wahenga walisema, Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nao walisema hivyo juu ya mwana mmoja tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii katika orodha yake ya kimataifa, si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa vema. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kuichukia kazi, na kazi yenyewe kutofanyika vizuri kama zamani. Tuliposomewa dalili hizo, tulitazamana. Kwetu sisi dalili huanza katika sauti. Mlezi aliyekuwa mpole hugundua kwamba amemfokea mtoto kwa sababu ya maji kidogo yaliyomwagika. Mtoto hajui kwamba mlezi amechoka. Yeye hudhani kwamba hapendwi.

Kulea watoto wa wengi mahali pamoja si jambo geni hapa. Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka 1952, na kuanzia mwaka 1954 watu wetu walikusanywa katika vijiji. Wanawake walilazimishwa kuchimba handaki kando ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na watoto wadogo wakaachwa chini ya uangalizi wa wachache. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wazazi wengi walijenga shule za watoto kwa Harambee. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaweka elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Mengi yamebadilika, lakini wazo moja limebaki: kwamba mlezi hachoki, maadam yuko kivulini na hakushika jembe.

Kamati imependekeza tupokee watoto zaidi katika mavuno yajayo. Twapenda kuwapokea, lakini twaomba mambo matatu yatangulie.

Kwanza, kila mlezi apate siku yake ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apewe angalau siku 1 katika kila siku 7, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hatuombi hisani.

Pili, desturi yetu ya ngwatio, ya kulimiana mashamba kwa zamu, ifike hata nyumba ya watoto. Kila siku ya mavuno mzazi mmoja aje, tangu saa saba hadi saa tisa mchana, ili walezi wapate kula wakiwa wameketi na kujinyosha kidogo kwa zamu. Jambo hili halihitaji fedha, nasi twajua ya kuwa mfuko wa Chama si mkubwa.

Tatu, mlango ufungwe saa kumi na mbili jioni. Mzazi anayejua kwamba atachelewa kiwandani atuandikishie asubuhi jina la jamaa atakayemchukua mtoto.

Nasi tunao wajibu wetu. Mlezi aliyekesha na mgonjwa aseme asubuhi, asione haya. Anayesikia hasira ikimpanda amkabidhi mwenzake mtoto, atoke nje, anawe uso. Wala tusimcheke mwenzetu anayeomba msaada. Tulipokuwa tukichekana ndipo mmoja wetu alipoficha usingizi wake.

Mtoto yule aliyetambaa hadi jikoni sasa anakimbia. Atakuwapo katika mavuno yajayo, pamoja na wadogo zake. Twataka tuwe na macho ya kumfuata.