Kifaa cha GPS cha Bei Nafuu: Kiaminiwe kwa Lipi?

Ndugu zetu wa Kilwa na mwambao wote wa Lindi,

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kifaa kidogo kilichoenea katika mashua na mifukoni mwetu: kifaa cha GPS cha bei nafuu, pamoja na simu ya mkononi ifanyayo kazi hiyohiyo. Hatusemi msikinunue. Twataka mjue mnanunua nini.

Kifaa hiki hupokea mawimbi ya setilaiti, hupima muda yaliotumia safarini, kisha hukokotoa mahali kilipo. Hadi Mei 2000 Marekani ilipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yatumiwayo na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Siku hizi, penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya paa la bati au kando ya ukuta mrefu, kosa huongezeka.

Msihadaike na tarakimu. Kioo chaweza kuonyesha tarakimu tano baada ya nukta, ambapo ya tano ni sawa na mita moja hivi. Lakini kuandika mita si kuipima.

Je, mita 5 ni kitu? Kwa nahodha atokaye Kilwa Masoko kwenda Songo Songo, si neno; kisiwa hakipotei kwa mita 5. Kwa anunuaye kiwanja cha mita 20 kwa 20, ni robo ya mali yake: mpaka mmoja ukisogea mita 5, mita za mraba 100 kati ya 400 zimepotea. Kwa hiyo msikubali kuonyeshwa mpaka kwa simu. Tafuteni mawe ya mpaka na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na mwulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kulipa.

Liko kosa kubwa zaidi, nalo si la kifaa. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa hivi kwa kawaida hutumia WGS84. Namba za ramani hizo zikiingizwa bila kubadili mfumo, mahali husogea takriban mita 200 hadi 300. Kwenye miamba ya Songo Songo, hiyo yaweza kuwa tofauti ya maji marefu na matumbawe. Hata kifaa cha bei ghali hakiliondoi kosa hilo.

Kabla ya kununua, fanyeni mambo matatu. Kwanza, muuzaji akitaja usahihi wa mita 3, mwulizeni: ni mara ngapi katika mia? Huenda ni nusu tu ya vipimo. Pili, hifadhini alama mahali pamoja penye uwazi, asubuhi, mchana na jioni, mwone zinavyotawanyika. Tatu, hakikisheni kifaa kinaruhusu kubadili mfumo wa ramani.

Na usiku, mkikaribia mwamba, msiache bildi wala alama za nchi kavu mlizorithi kwa wazee. Kifaa kitawafikisha karibu. Hatua za mwisho ni za macho na mikono yenu.