Lugha ya Wasomi Wanapoipinga Sera ya Uchumi



Tarehe 30 Machi 1981 gazeti la The Times la London lilichapisha tamko la wachumi 364 wa vyuo vikuu vya Uingereza. Waliipinga bajeti ya serikali ya Margaret Thatcher, iliyoongeza kodi ilhali uchumi unadorora. Hadi leo yabishaniwa kama walikosea: uzalishaji ulianza kupanda mwaka huohuo, lakini kufikia Januari 1982 wasio na kazi walikuwa wamepita milioni 3. Hilo nawaachia wachumi. Linalonivuta mimi, mwanaisimu, ni kwamba tamko lilikuwa fupi, tena katika lugha ileile ya muuza samaki wa London.

Kwetu je? Mwaka 1986 Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa thamani, wasomi wetu hawakunyamaza. Walibishana kwa ujasiri, aghalabu kwa Kiingereza. Nami, mhadhiri msaidizi wa Kiswahili, niliketi nyuma ya ukumbi. Sikuulizwa neno, wala sikujitolea kusema. (Tulikuwa tukijadili ngeli wiki ile, na kwa ukali kwelikweli.)

Likizo ilipofika nilikwenda kijijini. Mama, mkulima, aliijua bei mpya ya jembe na ya sukari kuliko mimi. Akaniuliza, “Mwanangu, ninyi wasomi mnasemaje?” Nilianza sentensi mara tatu.